Daktari wa Nyangale

Nchi ninayoisimulia si yenu wala si ya jirani zenu, kwa hiyo msinitazame hivyo. Iko mbali. Ukitaka kufika huko unavuka mipaka mitatu, na kila mpaka unaulizwa kwa nini hukubaki kwenu. Nimeombwa nisitaje jina lake, nami ni mtu wa kutii. Nitasema tu kwamba ni nchi ya amani, yenye wimbo wa taifa wa beti kumi na nne, na yenye serikali ambayo haijawahi kukosea. Hilo la kutokukosea si maoni yangu. Limo kwenye katiba yao, ibara ya tatu, mara tu baada ya ibara ya bendera.

Katika nchi hiyo kulikuwa na vijiji viwili, Nyangale na Nyangele. Kati yao palikuwa na kilomita arobaini, mto usio na daraja, na herufi moja.

Nyangale waliomba daktari kwa miaka tisa. Kila mwaka waliandika barua, na kila mwaka Wizara ya Afya Bora na Takwimu iliwajibu kwamba barua imepokelewa, inasomwa, na mwandiko wao unazidi kupendeza. Mwaka wa tisa, kwa sababu ambazo hata Wizara haikuzielewa, daktari akapatikana. Aliitwa Ezra Nyambo, kijana wa miaka ishirini na saba aliyetoka chuoni na sanduku la vifaa, mwavuli mweusi, na imani kwamba watu husema kweli.

Nyangele hawakuwa wameomba kitu. Walikuwa na zahanati iliyofunguliwa mara tatu na mawaziri watatu, kila mmoja na utepe wake, na tangu utepe wa tatu ulipokatwa walikuwa wakihifadhia humo mahindi.

Dereva aliyempeleka daktari alikuwa mzee mwaminifu mno. Katika miaka thelathini hakuwahi kuuza hata lita moja ya mafuta ya serikali, jambo lililowafanya wenzake wamwogope. Kasoro yake ilikuwa macho. Alikuwa ameomba miwani Wizarani, na ombi lake lilikuwa linasomwa kwa mwaka wa tatu. Alipofika kwenye kibao cha kijiji alisimamisha gari, akatoa kichwa dirishani, akakodoa. Kutu ilikuwa imekula herufi moja, kikabaki NYANG, pengo, kisha LE.

"Nyangale," akasoma, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa kwenye karatasi yake. "Daktari, tumefika."

Daktari, aliyekuwa amelala na vumbi la njia nzima usoni, akashuka. Gari likaondoka. Wa kwanza kumlaki alikuwa Mwenyekiti wa kijiji, Kilungu Mbaruku, mtu mwenye sauti ya mkutano hata akiomba chumvi.

"Mimi ndiye daktari wenu," alisema kijana.

"Karibu sana," alisema Kilungu.

Naomba tusimame hapa kidogo. Mpaka hapo hakuna aliyesema uongo. Daktari alisema alichoamini, na Mwenyekiti alimkaribisha mgeni kama tulivyofundishwa sote. Kama mambo yangeishia pale pangekuwa pazuri, lakini mambo hayakai pale unapoyaacha.

*

Siku ya pili mke wa fundi Shaweji alianguka kando ya kisima. Shaweji alikuwa mwandika vibao. Alichora majina ya maduka, methali za nyuma ya malori, na majina ya marehemu makaburini, yote kwa mkono mmoja uliotulia kuliko maji ya mtungi. Mkewe, Mwanaidi, alibebwa akiwa amejikunja, jasho likimtoka, mkono umeshika ubavu wa kulia. Daktari alimgusa mara moja tu.

"Kidole tumbo," alisema. "Toeni mahindi."

Magunia yakatolewa, meza ikafutwa, maji yakachemshwa. Baada ya saa mbili daktari alitoka na mikono iliyonyooka mbele yake, akamwambia Shaweji, "Mkeo atakula uji keshokutwa." Shaweji alitaka kumshukuru, akajikuta ameshika mwavuli wa daktari na kuukumbatia.

Keshokutwa hiyo Mwanaidi akanywa uji, na alasiri hiyo hiyo Kilungu akaitisha mkutano shuleni wakati daktari anachoma watoto sindano. Ilikuwa lazima. Asubuhi daktari alikuwa amemuuliza, "Mwenyekiti, mbona watu hapa wanasema Nyangele?" Naye Kilungu alikuwa amejibu, "Lafudhi, daktari. Watu wa huku hatufungui mdomo sana."

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Mdogo, kama unavyoona.

"Ndugu zangu," alianza Kilungu, "tumeiba?"

"Hatujaiba!"

"Tumedanganya Wizara?"

"Hatujadanganya!"

"Basi kosa ni la nani?"

Watu wakatazamana. Kosa halikuwa la serikali, kwa mujibu wa ibara ya tatu. Halikuwa la dereva, kwa kuwa yeye alisoma karatasi. Ikaonekana wazi kwamba kosa halikuwepo kabisa.

"Riziki haivutwi kwa kamba," alisema Kilungu. "Hii imejileta yenyewe, tena kwa gari la serikali. Sasa kuna wenzetu watasema tumrudishe. Sawa. Mimi nauliza tu, tukimrudisha, kila mtu atamwambia nini mgonjwa wake?"

Shaweji akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. "Na wenyewe, Mwenyekiti? Watu wa Nyangale?"

"Hao wamezoea kungoja, fundi. Miaka tisa! Mtu aliyezoea kukosa, akikosa tena umempunguzia nini? Hujampunguzia kitu. Lakini sisi tulioonja, tukinyang'anywa, huo ndio ukatili." Kisha akashusha sauti mpaka ikawa karibu ya mtu wa kawaida. "Fundi, mkeo yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Anakunywa uji."

"Bila daktari angekuwa wapi?"

Shaweji akakaa. Mkutano ukapitisha maazimio matatu. La kwanza, kila mwanakijiji afungue mdomo vizuri anapotaja jina la kijiji. La pili, iundwe Kamati ya Kukaribisha Wageni, itakayosimama mlangoni pa zahanati ili mtu asiingie na habari zisizohitajika. La tatu, kibao cha barabarani kijazwe herufi iliyokosekana, na zahanati ipate kibao chake.

"Sisi hatufuti kitu," Kilungu alifafanua. "Tunajaza pengo."

Shaweji akachukua brashi na rangi nyeusi. A ni herufi ya mistari mitatu. Aliimaliza kabla jua halijasogea, na ilikuwa A nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Tangu siku hiyo hakukaa. Alikula amesimama. Alianza kibao cha kinyozi akakiacha kwenye KI, akaanza cha bucha akakiacha kwenye nyama ambayo haikupata bei. Akilala mguu mmoja ulikuwa chini, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Una nini?" Mwanaidi alimuuliza.

"Nimechoka kukaa."

"Lini ulikaa?"

*

Daktari Nyambo alifanya kazi kama watu watatu, na kila baada ya miezi mitatu aliandika ripoti ya kweli tupu. Nyangale, wagonjwa mia sita na kumi na wawili. Nyangale, waliochanjwa wote. Nyangale, vifo vya uzazi, hakuna. Wizarani walizisoma ripoti hizo wakapigwa na bumbuazi la furaha. Waziri mwenyewe alikwenda redioni.

"Nyangale," alisema, "ni ushahidi kwamba subira ya wananchi ikikutana na kasi ya serikali, matokeo huwa ni afya! Mtu wa Nyangale leo haumwi. Na akiumwa, haumwi sana!"

Baada ya hotuba, Wizara ikatazama orodha zake. Ikaona kwamba Nyangale wana daktari, na pia wana mkunga. Huo ni ubadhirifu. Mkunga, mama mmoja aliyezalisha nusu ya kijiji kile, akahamishiwa mji mkuu kwenda kufundisha semina kuhusu umuhimu wa wakunga vijijini.

Watu wa Nyangale waliandika barua, ya kumi sasa. Walisema, kwa heshima, kwamba daktari hajafika, na kwamba mkunga waliyekuwa naye amechukuliwa. Wizara, ambayo haijawahi kuchelewa kujibu jambo lisilo na kazi, ilijibu hivi: "Takwimu zinaonyesha mmetibiwa. Wizara inawapongeza kwa kupona na inawasihi muache majungu."

*

Siku za Jumanne zamu ya mlangoni ilikuwa ya Shaweji, kwa kuwa alikuwa na adabu nzuri. Ilikuwa Jumanne ya masika, mvua imekatika asubuhi ile, matope yanafika kifundoni. Akaona wanaume wanne wanakuja wamebeba kitanda cha kamba. Juu ya kitanda palikuwa na mwanamke amefunikwa khanga mbili, na mkono wake mmoja umening'inia nje. Aliyeshika mguu wa mbele wa kitanda alikuwa mtu mrefu, nguo zimelowa mpaka kifuani kwa maji ya mto. Baadaye Shaweji alijua kwamba aliitwa Lugome, na mwanamke ni mkewe, Salila.

"Tumesikia hapa kuna daktari," alisema Lugome.

"Yupo. Poleni na safari. Mnatoka wapi?"

"Nyangale."

Shaweji alitazama nyuma, akatazama mbele. Miguu yake ikaanza kupiga matope papo hapo. "Usiseme hivyo ndani."

"Nisiseme vipi?"

"Akikuuliza, sema unatoka Mtoni. Ni hapo tu, nyuma ya kilima."

"Ndugu yangu, mimi Mtoni sijawahi kufika. Kwani mtu wa Nyangale hatibiwi?"

Shaweji akatupa jicho juu ya mlango. Lugome akainua macho. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya, herufi kubwa nyeusi, zimenyooka vizuri: ZAHANATI YA NYANGALE. Alijua kusoma. Ndiye aliyekuwa akiandika barua za kijiji chake, zote kumi. Alisoma mara moja, akasoma tena, midomo ikicheza. Kisha akamtazama Shaweji, na Shaweji anasema hajawahi kutazamwa vile, si kwa hasira, bali kama mtu anayemkuta mwenzake amevaa shati lake.

"Kumbe alifika," alisema Lugome. "Kumbe daktari wetu alifika."

Salila akaguna kitandani. Guno hilo lilimaliza maneno yote.

"Mimi ni wa Mtoni," alisema Lugome. "Ni wa popote unapotaka. Fungua mlango."

Daktari alihangaika kwa muda mrefu. Salila alipona. Mtoto, wa kike, alitoka akiwa kimya na akabaki kimya. Daktari aliyekuwa hajapoteza mtoto hata mmoja tangu afike alitoka nje uso umekunjamana kwa ghadhabu.

"Mnatoka wapi nyie?"

"Mtoni," alisema Lugome.

"Mtoni! Mwendo wa nusu saa! Uchungu umemshika lini?"

"Juzi alfajiri."

"Juzi! Juzi, na wewe umekaa nyumbani unangoja nini? Mngemleta jana mtoto huyu angekuwa analia sasa hivi. Ni uzembe, bwana. Uzembe wako!"

Shaweji alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Lugome akifungua mdomo. Akasema moyoni, aseme, Mungu wangu, aseme sasa. Lugome akaufunga mdomo, akaufungua tena.

"Ni kweli, daktari," alisema. "Nilizembea."

Walimzika mtoto jioni ile ile, kwa kuwa kumbeba kilomita arobaini kusingewezekana. Shaweji alileta jembe, akachimba yeye. Walipomaliza alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwandishi wa vibao, na kama baba anapenda atamwandikia mtoto kibao cha mti mgumu, bure.

"Utaandika nini?" aliuliza Lugome. "Jina hakupata. Na kijiji chake umeshakiandika kule juu."

*

Mwanaidi alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, naye Shaweji alisimulia akizunguka chumba, akigonga kinu, akigonga ndoo.

"Mimi nimepona," alisema Mwanaidi alipomaliza, "na Salila amenilipia. Nenda ukaseme."

"Nimwambie nani?"

"Daktari. Si yuko hapo?"

Shaweji akaenda. Alimkuta daktari ameinamia daftari lake la wagonjwa bila kuandika. Kabla hajasema neno, daktari akainua kichwa. "Afadhali umekuja wewe, fundi. Katika kijiji hiki wewe ndiye ninayekuamini. Unadhani nilikuwa mkali mno kwa yule mtu?" Shaweji akasema hapana, akaaga, akatoka. Njiani alijipiga kofi.

Binadamu ni wa ajabu. Jambo lililomshinda kulisema hatua mia moja kutoka kwake, aliona ni rahisi akalisemee siku mbili za safari. Akapanda lori la mkaa akaenda mji mkuu.

Jengo la Wizara lilikuwa na ghorofa saba. Ghorofa tano za chini zilishughulikia Makosa ya Wananchi. Shaweji alimuuliza karani wa mapokezi makosa ya serikali yanashughulikiwa wapi. Karani akacheka mpaka akaomba maji, akawaita wenzake akamwambia Shaweji arudie. Alirudia mara nne, kila mara kwa hadhira kubwa zaidi. Mwishowe mmoja akamwonea huruma akampeleka ghorofa ya saba, kwa Mkurugenzi wa Usahihi, Bwana Tegemea.

Bwana Tegemea alikuwa mpole, nadhifu, mwenye kalamu tano mfukoni za rangi moja. Shaweji alikataa kiti, akasimulia yote amesimama: kutu, dereva, herufi, mkunga, kitanda cha kamba, kaburi dogo.

"Inasikitisha sana," alisema Mkurugenzi, na kweli alionekana kusikitika. "Lakini daktari yuko Nyangale."

"Hapana, mheshimiwa. Yuko Nyangele."

"Waziri amesema yuko Nyangale. Redioni. Sasa fikiri nami, fundi. Kama Waziri amesema daktari yuko Nyangale, na wewe unasema daktari yuko pale alipo, basi pale alipo ni wapi?"

"Nyangele."

"Ni Nyangale." Mkurugenzi akatabasamu kama mwalimu wa hesabu. "Unaona? Serikali haikukosea. Ni vijiji vilivyokuwa vimekaa vibaya."

Wiki mbili baadaye tangazo likatoka katika Gazeti la Serikali. Kijiji ambacho wakazi wake wamekuwa wakikiita Nyangele kimebainika kuwa ni Nyangale. Kijiji ambacho wakazi wake wamekuwa wakikiita Nyangale kimebainika kuwa ni Nyangele. Wananchi wa pande zote mbili wanasamehewa kwa kuishi muda mrefu chini ya majina yasiyo yao. Ndugu Shaweji, mzalendo aliyeibua suala hili, anatunukiwa cheti, pamoja na makopo mawili ya rangi nyeusi, na anaagizwa kwenda kurekebisha kibao cha kile kijiji kingine.

Kilungu alichinja mbuzi watatu. "Nilikuwa na hasira nawe, fundi," alisema huku akimkumbatia, "kumbe ulikwenda kutuletea hati!" Watu waliimba. Daktari Nyambo, aliyekuwa anasafisha kidonda ndani, aliuliza sherehe ni ya nini. Wakamwambia serikali imethibitisha jina la kijiji. Akasema hongereni, akaendelea na kidonda.

*

Shaweji alivuka mto na makopo yake mawili kichwani, maji yakimfika kidevuni. Nyangale ya kweli aliikuta imetulia namna isiyopendeza. Zahanati yao, waliyoijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma mwaka ule wa barua ya kwanza, ilikuwa imefagiwa. Ndani palikuwa na kitanda, meza, beseni jipya lenye karatasi yake, na kiti kimoja. Walikuwa wakiifagia kila Jumamosi, kwa miaka tisa.

Alimkuta Lugome nje ya nyumba yake anashona jamvi. Salila alikuwa amekaa kizingitini, amejitanda, anatazama njia.

"Umekuja kufuta jina letu," alisema Lugome. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Nimeagizwa."

"Basi kibao kile pale."

Shaweji akaweka makopo chini. Hakufungua hata kimoja. "Siwezi," alisema. "Ile ya kwanza niliandika kwa sababu mke wangu alikuwa anakunywa uji. Nilijua. Nisikudanganye kwamba sikujua. Nilimwona dereva amekosea, nikamwona daktari amekosea, watu safi wote wawili, nami nikachukua rangi nikalifunga kosa lao lisitoke tena. Sema unachotaka nifanye. Ukitaka nikae hapa nikulimie, nitakulimia."

Lugome aliendelea kushona mpaka akafika mwisho wa ukili.

"Jembe ninalo," alisema. "Mimi kuna kitu kimoja tu. Yule kijana alinikaripia mbele ya watu kwamba nilimkalisha mke wangu nyumbani siku mbili. Nilimbeba kilomita arobaini. Mto ulikuwa umejaa, tulingoja usiku kucha upungue. Nataka ajue hivyo. Basi."

"Nami nataka nisikie ukimwambia," alisema Salila kutoka kizingitini. "Nakuja."

Waliondoka watatu. Walipofika ukingo wa mto walikuwa kumi na wanane, kwa sababu kila nyumba waliyopita mtu alitoka akauliza mnakwenda wapi, akaambiwa, akafunga mlango akafuata.

Daktari alikuwa kwenye meza yake, foleni imejaa ukumbi. Mjumbe wa zamu alimwona Lugome akanyoosha mkono kumzuia. Shaweji akauteremsha ule mkono taratibu, kama mtu anavyosogeza pazia.

"Jina?" aliuliza daktari bila kuinua kichwa.

"Lugome. Natoka Nyangale."

"Sote tuko Nyangale. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Daktari, kuna Nyangale nyingine, ng'ambo ya mto. Ndiyo iliyokuomba. Mimi ndiye niliyeandika zile barua. Siku ile sikutoka Mtoni. Nilitoka kwetu, mwendo wa siku moja na usiku mmoja, na mke wangu mabegani mwa watu wanne. Sikuzembea."

Daktari akainua kichwa. Akamtambua. Akamtazama Salila, akatazama wale waliosimama nyuma yake na matope mpaka magotini, kisha akamtazama Shaweji, ambaye safari hii hakuangalia pembeni.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli. Hii ni Nyangele. Kibao niliandika mimi."

Daktari Nyambo akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hatimaye aliinuka akazunguka meza, akapiga goti kwenye saruji mbele ya mama yule, hadharani. Salila akamshika bega. "Inuka, mwanangu," alisema. "Wewe ulifanya kazi yako." Wanasema hapo ndipo alipolia, yule kijana, kwa kwikwi.

Kilungu alifika mbio, shati halijafungwa vifungo. Akakuta sanduku linafungwa.

"Daktari! Unakwenda wapi? Kisheria hapa ndipo Nyangale! Ninalo Gazeti!"

"Mwenyekiti, mimi nilitumwa kwa watu, sikutumwa kwa kibao."

"Na sisi si watu? Wagonjwa hawa hapa, foleni hii, ni mbuzi?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na daktari alisimama. Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Ndipo Mwanaidi, aliyekuwa amekuja kupima damu, akatoka kwenye mstari.

"Sisi ni watu, Mwenyekiti, na miguu tunayo," alisema. "Wenzetu walitembea. Tutatembea." Akaondoka kwenye foleni, akaenda kushika mpini mmoja wa sanduku. Shaweji akashika wa pili.

Daktari aliwatibu wote waliokuwa kwenye foleni ile, mpaka wa mwisho. Kisha akaondoka na watu wa Nyangale.

*

Sasa sikilizeni hesabu ya mambo. Kwa Gazeti la Serikali, kijiji alichohamia daktari kilikuwa Nyangele. Kwa hiyo siku aliyofika mahali alipotumwa ndiyo siku serikali ilipotangaza kwamba amepotea. Redio ilisoma sifa zake mchana na jioni, kimo, miwani, mwavuli mweusi. Askari walitafuta Nyangale yote, ile ya kwenye Gazeti, chini ya vitanda na ndani ya maghala. Ng'ambo ya mto hawakwenda. Huko ni Nyangele, na Nyangele kwa mujibu wa vitabu haina daktari, na serikali makini haipotezi mafuta kumtafuta mtu mahali ambapo imethibitisha hayupo.

Mkurugenzi Tegemea mwenyewe alikuja, na kalamu zake tano. Akaitisha mkutano shuleni. Akaahidi kwamba atakayeonyesha alikokwenda daktari, kijiji chake kitarudishiwa daktari huyo siku hiyo hiyo, chini ya ulinzi, na asiondoke tena.

Watu wakamtazama Kilungu. Alikuwa na jino lililomsumbua wiki nzima, shavu limevimba kama limewekwa andazi, na wote walijua ni nini anachokitamani kuliko kitu chochote duniani. Neno moja tu lilitosha. Lingekuwa neno la kweli, tena, la kwanza tangu ile lafudhi.

Shaweji alikuwa nyuma kabisa, amesimama. Alikuwa amerudi asubuhi ile kutoka ng'ambo, baada ya kumvusha ajuza mmoja wa Nyangele kwenda kutibiwa. Alimwona Mwenyekiti akishika shavu, akiinuka, akikohoa kile kikohozi chake cha hotuba. Mwanaidi akamshika mumewe mkono.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema Kilungu, kwa shida, kwa sababu ya jino. "Sisi watu wa hapa hatujui kuelekeza njia. Wa mwisho aliyefika akadhani amefika, tulimwambia karibu."

Akakaa. Alasiri ile alionekana anaelekea mtoni, peke yake, ameshika viatu mkononi.